Viwanja vya Idd: Tuache Kusifia Umati, Tuhesabu Watoto

Dada zetu wapenzi wa Unguja na Pemba, na popote mlipo.

Tunawapa mkono wa Idd, ingawa umechelewa njiani. Tunawaandikia kutoka Dodoma. Sisi ni mafundi wanne tunaoshirikiana chumba kimoja cha kushonea pale Majengo. Wawili wetu ni wazaliwa wa Unguja tuliofuata waume huku bara, mmoja ni Mrangi wa Kondoa, na mmoja amekulia Tabora. Tunashona mabaibui, nguo za bi harusi na magauni ya watoto ya sikukuu. Leo hatukuja na mshono mpya. Tumekuja na ugomvi, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Ugomvi wenyewe ni wa kiwanja cha sikukuu. Hapa mjini, kama ilivyo huko kwetu, Idd ya mtoto haikamiliki bila kwenda kiwanjani. Kuna bembea, maputo makubwa ya kurukia, vigari vya umeme, farasi wa kuzunguka, aiskrimu, bisi na kuchorwa uso. Wapo wateja wetu ambao hawajakosa hata mwaka mmoja tangu kiwanja hicho kianze kufanya sikukuu. Wanakipenda kama wengine wanavyopenda timu ya mpira, na kama wapenzi wa timu, wakitofautiana hawasikilizani. Jina la uwanja hatulitaji, kwa sababu tutakayosema hayahusu uwanja mmoja wala mji mmoja.

Wiki ile baada ya Idd duka letu liligeuka baraza. Kundi la kwanza likasema mwaka huu kiwanja kilifana kuliko miaka yote: taa, mshereheshaji anayejua kuchekesha, wasanii, pembe ya kupigia picha yenye maua na mwezi wa dhahabu, na watu walijaa mpaka nje ya geti. Kundi la pili likasema kiwanja kimekwisha: bei juu, vumbi, spika zinapasua masikio, foleni ya dakika arubaini kwa mchezo wa dakika tano, na Idd yenyewe haionekani; ukiondoa kanzu na mitandio ungedhani ni sherehe ya kampuni ya soda. Kundi la tatu, ambalo halikosekani, likasema haya yote yanatokea kwa sababu wanawake tunatoka. Tungekaa majumbani na watoto wetu, pasingekuwa na la kuzungumza.

Sisi tunasema wote watatu wameshika futi kamba, ila hakuna aliyepima mahali panapotakiwa kupimwa.

Tuanze na gauni moja. Siku ya tatu ya Idd, mama mmoja mteja wetu alituletea gauni la binti yake wa miaka saba, tulilolishona wenyewe: satini ya kijani, mikono mirefu, lesi kifuani. Mkono wa kulia ulikuwa umechanika kuanzia kwapani mpaka karibu na kiwiko. Tuliona haya, maana fundi akirudishiwa nguo baada ya siku mbili anajua anakuja kusemwa. Tukaligeuza ndani nje. Mshono wetu ulikuwa mzima. Uzi haukukatika hata mahali pamoja. Kilichochanika ni kitambaa chenyewe, pembeni ya mshono. Yeyote aliyekaa kwenye cherehani anajua maana yake. Mshono ukiachia, fundi kakosea. Kitambaa kikichanika pembeni ya mshono uliosimama, basi nguo imevutwa kwa nguvu ambayo nguo ya mtoto haikushonewa kuibeba.

Tukamuuliza mama yake kulikoni. Akatueleza. Jioni ya Idd Pili, jua likikaribia kuzama, mshereheshaji alitangaza kwa kipaza sauti kwamba watoto wote waingie ukumbini, kuna kucheza muziki na zawadi. Mlango uliokuwa wazi ni mmoja. Watoto wakakimbia. Waliokuwa ndani walitaka kutoka kwa joto, waliokuwa nje walitaka kuingia kwa zawadi, na binti yule akabanwa katikati, kwenye mlango, miguu haigusi chini. Mama mmoja muuza karanga, ambaye hakuna anayemjua jina, aliacha sinia lake, akaingiza mkono na kumvuta mtoto kwa nguvu zake zote. Hapo ndipo mkono wa gauni ulipokwenda. Mtoto alitoka na kiatu kimoja, hakulia, hakusema neno mpaka nyumbani. Mwenyezi Mungu amlipe kheri mama yule kwa kila karanga iliyomwagika.

Siku ile watoto wote walirudi kwao, alhamdulillah. Saa moja baadaye mshereheshaji aliwashukuru watu kwa kujitokeza kwa wingi usiowahi kuonekana. Na jioni hiyohiyo ndiyo wateja wetu wa kundi la kwanza wanayoizungumzia wanaposema kiwanja kilifana.

Mwenzetu wa Tabora alipoyasikia hayo aliweka mkasi mezani. Dada zetu wadogo, khasa nyinyi mabiharusi ambao mwaka 2008 mlikuwa bado skuli ya msingi, huenda hamkumbuki. Siku ya Idd el-Fitri, tarehe 1 Oktoba 2008, mjini Tabora, watoto walipelekwa kwenye ukumbi wa disko kusherehekea. Walijazwa kupita uwezo wa ukumbi. Hewa ikapungua, wakasukumana kutafuta njia ya kutoka, wakakanyagana. Watoto wapatao 20 walikufa siku ya sikukuu yao, wakiwa wamevaa nguo mpya. Ndiyo maana mpaka leo kila sikukuu ikikaribia mnasikia makamanda wa polisi wa mikoa wakitangaza kwamba disko toto ni marufuku. Tangazo lile tumelizoea kama tulivyozoea adhana ya redio. Linapita juu ya masikio. Mama wa mwenzetu huyu hajalizoea. Yuko Tabora, ana wajukuu sita, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuingia ukumbi wowote siku ya Idd.

Sasa mtu atatuambia: mnalinganisha mlango mmoja na gauni moja lililochanika na maafa yale? Ndiyo, tunalinganisha. Ni nguo ileile. Tofauti ni kwamba moja ilimkuta muuza karanga karibu.

Na kabla hatujamnyooshea mtu kidole, tujinyooshee sisi wenyewe. Sisi pia tulikuwapo. Tulikodi meza pale kiwanjani, tukauza vilemba vya watoto, vibana nywele na mitandio. Tulisikia kelele za ukumbini tukadhani ni za furaha, na mmoja wetu akasema, "Leo tutamaliza mzigo." Tulilipia meza ile kwa matumaini ya umati. Kwa hiyo tunaposema umati umesifiwa kupita kiasi, tunasema kama watu walioshiriki kuusifia na kufaidika nao.

Turudi kwa kundi la kwanza, wapenzi wa kiwanja. Tunawapenda, ni wateja wetu, na furaha yao hatuichukii. Lakini umati si sifa ya sherehe. Umati ni mzigo ambao mwenye sherehe amekubali kuubeba, na cha kuuliza ni kama ana mabega. Sisi tumejifunza hili kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya biashara yetu tulikuwa tukipokea nguo za Idd mpaka tarehe 27 Ramadhani. Kila anayekuja tunasema "ndiyo dada, itakuwa tayari." Mwaka mmoja, asubuhi ya Idd, mabinti sita walikaa mlangoni kwetu takbira zikisikika msikitini, nguo zao zikiwa bado vipande. Fedha zao tulikuwa tumeshazila. Tangu siku hiyo daftari letu tunalifunga tarehe 15 Ramadhani. Anayekuja tarehe 16 tunamkatalia, hata akiwa shemeji, hata akiongeza bei. Tunapoteza fedha kila mwaka kwa kufanya hivyo, na kila mwaka nguo zote zinatoka.

Kama mafundi wanne wa Majengo wanaweza kufunga daftari, mwenye uwanja mwenye walinzi na mashine ya tiketi anashindwaje kufunga geti? Anajua maputo yake yanabeba watoto wangapi, anajua ukumbi wake una milango mingapi. Kuendelea kuuza tiketi baada ya hapo ni kuchukua fedha ya nguo ambayo haitashonwa.

Wapo waliotujibu hapa dukani kwamba ajali ni kadari, na siku ya mtu ikifika imefika. Tunaiamini kadari, nayo ni nguzo ya imani yetu. Lakini tuangalie kwenye mahali patukufu kuliko kiwanja chochote. Mwaka 2006 mahujaji zaidi ya 340 walifariki kwa msongamano kwenye Jamarat, pale Mina, wakiwa katika ibada. Hakuna aliyekaa akasema yameandikwa, tuache kama yalivyo. Daraja la zamani lilivunjwa, likajengwa jipya la ghorofa kadhaa, njia za kuingilia zikatengwa na za kutokea, na makundi ya mahujaji yakapangiwa zamu zao za kurusha mawe. Ikiwa anayekwenda kumpiga mawe shetani anapangiwa zamu na mlango, mtoto anayekwenda kuruka kwenye puto naye astahili mlango wake.

Sasa kundi la pili, wenzetu wanaosema kiwanja kimekosa ladha. Hawa wengi ni watu wa visiwani wenzetu, nasi tunawafahamu kwa sababu ugonjwa wao tunao. Tukikaa tunasema: lo, Idd ni ya Unguja, Mnazi Mmoja, watoto wamepangana kama maua, malai mkononi, vibuyu vya upepo angani. Tibirinzi kule Chake Chake nako watoto wanafurika. Huku bara Idd gani hii?

Ni kweli, na si kweli. Mnazi Mmoja ya utoto wetu ilikuwa na vumbi vilevile. Tulipotea tukalia, tukaumwa tumbo kwa malai, tukarudi na viatu mikononi. Kilichoifanya nzuri hatukukiona kwa sababu tulikuwa watoto. Cha kwanza, visiwani watoto wanasherehekea siku nne. Aliyekosa Idd Mosi atakwenda Idd Pili, na Idd Nne bado kuna mchezo. Watu wanagawanyika wenyewe. Huku bara mapumziko ya Idd el-Fitri ni siku mbili, baada ya hapo kila mtu yuko kazini na mtoto yuko darasani, kwa hiyo mji mzima unataka kuingia kiwanja kimoja katika jioni mbili. Cha pili, uwanja ulikuwa wazi pande zote. Ukibanwa hapa unatokea kule. Cha tatu, kila mtu mzima aliyekuwa pale alijiona mlezi wa kila mtoto. Ukipotea, utashikwa mkono na mtu anayemjua bibi yako.

Hiyo ndiyo ladha mnayoitafuta, dada zetu. Haikuwa mapambo. Na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo haliwezi kufanyika Dodoma. Kiwanja kinaweza kufanya sikukuu siku nne na kupunguza bei siku ya tatu na ya nne ili watu wasirundikane. Geti la pili linaweza kufunguliwa.

Na bibi zetu walijua hesabu hii kabla yetu. Mama zetu wanatusimulia Idd za mjini Unguja za kwenda sinema: Majestic, Empire, Cine Afrique. Wanawake walivaa vizuri, wakapakwa hina, na kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Walanguzi wa tiketi hawakukosekana, na waliokosa walinuna. Lakini kiti kimoja kilikuwa tiketi moja. Tiketi zikiisha zimeisha, ngoja onyesho linalofuata. Hakuna aliyesema sinema imekosa ladha kwa sababu watu hawakukaa wawili wawili juu ya kiti.

Kwenye bei tunakubaliana na kundi la pili, tena tunakwenda mbali kuliko wao. Wao wanalalamika kwamba bei inawauma. Sisi tumeketi na kalamu. Mwaka huu geti lilikuwa shilingi 3,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mtoto, na kila mchezo 2,000. Mama mwenye watoto wanne analipa 11,000 kusimama tu ndani. Kila mtoto akicheza michezo miwili, ni 16,000 nyingine. Jumla 27,000 kabla hajanunua hata maji, na jua la Dodoma mnalijua au mmelisikia. Gauni la mtoto tunalishona kwa 8,000. Jioni moja ya kiwanja inapita magauni matatu.

Tena bei ile haikuandikwa nje. Ubao ulikuwa ndani, ukishalipa geti. Tuliona akina mama waliolipia watoto wao geti kwa fedha yote waliyokuja nayo, wakidhani michezo imo humo humo, halafu watoto wakazunguka na nguo mpya wakitazama wenzao wanaruka. Na nje ya uzio walikuwapo wale ambao hata geti hawakuweza, wameshika waya kwa vidole, Waislamu na wasio Waislamu, watoto wa mtaa wetu. Dada zetu, zaka ya fitri tumeamrishwa tuitoe kabla ya swala ya Idd, pishi moja kwa kila kichwa, hata mtoto mchanga anatolewa, ili maskini naye asishinde siku hiyo akiomba. Tunatoa pishi ya mchele asubuhi, halafu alasiri tunajenga uzio na kumweka mtoto wa maskini upande wa pili atutazame. Mchele ule umemtoa njaa. Kutazama kule kumemrudisha kuombaomba kwa macho.

Tumalize na kundi la tatu, wanaosema dawa ni wanawake na watoto kubaki nyumbani. Hawa tunawaheshimu, wengine ni shangazi zetu na walimu wetu wa chuoni. Lakini hapana. Ummu Atiyya, Mungu amridhie, amesimulia kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliamrisha wanawake watolewe siku ya Idd, wakiwemo wasichana wanaokaa ndani na hata wenye hedhi, wahudhurie kheri na dua ya Waislamu huku wenye hedhi wakijitenga na mahali pa kuswalia. Mwanamke mmoja akauliza, je, asiye na jilbabu? Jawabu likawa mwenzake amvishe katika yake. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Sisi mafundi tunaipenda kwa sababu mnazijua: mtu hakuachwa nyumbani kwa kukosa nguo, alitafutiwa nguo. Na Mama Aisha alisimamishwa na Mtume mwenyewe kutazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao siku ya Idd, akatazama mpaka alipotosheka.

Kwa hiyo kutoka kwa mwanamke siku ya Idd, akiwa na stara yake, si kosa la karne hii. Na tufikirie bi harusi wa Mfungo Mosi aliyeolewa Unguja na kuletwa Dodoma, hajui mtu, hajui mlenda unapikwaje, mumewe anatoka asubuhi kwenda kazini anarudi usiku. Idd yake ya kwanza mbali na mama yake ni ngumu kuliko mnavyodhani. Wawili wetu tumeipitia. Mtu wa kwanza aliyetuita "dada" katika mji huu tulikutana naye kwenye foleni ya aiskrimu, kiwanjani. Mkitufungia kiwanja, mabiharusi wale mtawakutanishia wapi?

Kumfungia mtoto ndani kwa sababu mlango wa kiwanja ni mbovu ni sawa na kuitupa nguo kwa sababu kifungo kimetoka. Kifungo kinashonwa.

Tunachotaka, basi, ni hiki, na tunakisema kwa kila mwenye uwanja na kila kamati ya sikukuu, Dodoma, Singida, Kondoa, Tabora na huko kwetu visiwani. Watoto wahesabiwe getini, na idadi ikifika geti lifungwe. Watoto wasiingizwe ukumbini kucheza muziki, si kwa zawadi wala kwa bure; michezo yao ifanyike nje, penye hewa. Kuwe na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, yote miwili wazi muda wote. Bei zote ziandikwe nje ya geti kwa maandishi makubwa, na tiketi ya geti imwezeshe mtoto kucheza angalau mchezo mmoja. Asubuhi mpaka adhuhuri iwe ya akina mama na watoto wadogo, na wawepo wasimamizi wanawake, kwa sababu mabinti zetu wakubwa wanashikwashikwa katika msongamano na hawasemi. Kuwe na kivuli, maji ya kunywa, vyoo, na mahali pa kuswalia alasiri na magharibi ili Idd isitukosesha swala. Hakuna hata moja hapo linalohitaji msanii wa kulipwa.

Na sisi tunafanya nini, tusije tukawa wasemaji tu? Tumekubaliana mambo matatu. La kwanza, hatukodi tena meza kwenye kiwanja chenye mlango mmoja, hata kama mzigo utabaki. Tumeshamwambia mwenye uwanja ana kwa ana. Alitusikiliza, akasema ataangalia. Tutamkumbusha Rajabu na tutamkumbusha Shaabani. La pili, katika kila gauni la Idd la mtoto tutatoa shilingi 500 zikanunue tiketi za watoto wa chuo cha mtaani kwetu, kwa majina, na tiketi zile ziwe za geti na michezo miwili. La tatu ni la bure na kila fundi anaweza kulifanya leo: ndani ya ukosi wa kila nguo ya mtoto tunashonea utepe mweupe wenye nambari ya simu ya mama, kwa uzi mweusi. Mtoto akipotea, au akishindwa kusema kama binti yule wa satini ya kijani, anayemwokota apindue ukosi.

Nyinyi mabiharusi, na nyinyi akina mama, kabla hamjatoa fedha getini ulizeni maswali manne: Mnaingiza watoto wangapi? Mlango wa pili uko wapi? Bei za michezo ni hizi hizi au kuna nyingine ndani? Mtoto wangu akipotea, analetwa wapi? Msipojibiwa, rudisheni fedha kwenye mkoba, chukueni watoto mkakae Nyerere Square na sambusa zenu, au huko Unguja kaeni Forodhani, mpunge upepo. Wenye viwanja hawasikii malalamiko ya dukani kwetu. Geti lisilolipwa wanalisikia.

Gauni la kijani tumelishona upya, tumebadilisha mkono wote wa kulia na kuongeza kitambaa kwapani. Hatukuchukua fedha. Mtoto alipokuja kulijaribu alisimama mlangoni kwanza, akatazama kama kuna mlango mwingine. Chumba chetu kina mlango mmoja. Tumeanza kuzungumza na mwenye nyumba.

Idd ijayo, inshaallah, daftari letu linafungwa tarehe 15 Ramadhani kama kawaida. Leteni vipimo mapema, na msisahau nambari ya simu ya mama.

Wabillahi tawfiq. Ni sisi dada zenu wa cherehani, Majengo, Dodoma.